NYUMBA ZA WATUMISHI KATIKA MJI UNAOKUA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dodoma)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya nyumba, na jinsi mtu mwenye mshahara wa kadiri awezavyo kupata mahali pa kulaza watoto wake katika mji huu bila ya kuvunjika mgongo. Twashukuru kwa heshima hiyo. Sisi si wahandisi, wala si mabwana fedha. Tu makarani, na kazi ya karani ni kuandika hesabu na kuzisoma. Basi tutakayoyasema leo ni hesabu zaidi kuliko maneno matamu, na yeyote atakayeona tumekosea kujumlisha na atusahihishe hapa hapa kabla ya chai.

Dodoma si mji wa jana. Reli ya Kati iliyojengwa na Wadachi ilifika hapa mwaka 1910, na tangu hapo pamekuwa na stesheni, boma, maduka na soko. Walakini kwa miaka mingi ulikuwa mji wa kupitia. Abiria alishuka akanunua zabibu au kuku wa kukaanga, kisha akapanda tena akaenda zake. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya Serikali yahamie hapa. Mwaka ule ule ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 mpango mkuu wa mji ukawa tayari, uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada. Baada ya hapo wizara zilikawia. Miaka arobaini na zaidi tulizoea kuandika jina la makao makuu kwa kalamu, huku majalada yenyewe yakibaki Dar es Salaam. Ndipo mwezi wa Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali yote itahama. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, akatangulia. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Na mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa huko Mtumba, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya mji.

Sasa tazameni hesabu ya watu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo la mji huu. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179. Yaani palipokuwa na watu mia, katika miaka kumi wameongezeka themanini na sita juu yao. Si watumishi peke yao waliokuja. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka 2007, kuna wachuuzi, mafundi, madereva wa bodaboda, na ndugu waliofuata ndugu. Lakini sisi tulikuja kwa amri, na wengi wetu tulikuja kwa mara moja. Barua ya uhamisho yaweza kupigwa chapa kwa dakika tano. Nyumba haipigwi chapa.

Wako wasemao kwamba shida yote ni choyo ya wenye nyumba. Sisi hatukubali neno hilo lote, ingawa wako wenye choyo, na majina yao twayajua. Mwenye nyumba wa Nkuhungu au wa Chang'ombe mara nyingi ni mtu kama sisi: mwalimu aliyestaafu, mjane, fundi aliyejenga vyumba sita kwa miaka kumi na miwili, chumba baada ya chumba, kila mwaka akiongeza mabati machache. Hakukopeshwa na mtu. Fedha zake zote zimo katika tofali zile, na anapomwona mtumishi wa Serikali mlangoni huona mshahara usiokatika. Akiomba zaidi ya jana, anafanya lile ambalo muuza nyanya hufanya sokoni siku nyanya zikiadimika.

Wengine wanataka sheria ya kuzuia kodi irudi. Ilikuwapo sheria ya namna hiyo iliyotungwa mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005. Wazee watakumbuka kilichotokea ilipokuwapo. Kodi iliyoandikwa ilikuwa ndogo, lakini mtu hakupata ufunguo bila ya kutoa kilemba, na kilemba hakikuandikwa popote. Sheria ikizuia bei pasipo kuongeza vyumba, fedha hupita chini ya meza, na mwenye mshahara mdogo ndiye wa kwanza kushindwa, maana hana cha kupitisha huko chini.

Basi kidonda kiko wapi? Kwa maoni yetu kidonda kikubwa ni hiki: mshahara huja kwa mwezi, na nyumba hudai kwa nusu mwaka au kwa mwaka mzima. Mtu asiyepima jambo hili ataona ni dogo. Tulipime.

Tuseme mtumishi amepata vyumba viwili na sebule kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwezi aweza kulipa, japo kwa kujibana. Lakini mwenye nyumba ataka miezi sita kwa pamoja, nayo ni shilingi 900,000. Dalali aliyemwonyesha mlango ataka kodi ya mwezi mmoja, na hiyo ni 150,000. Yafika 1,050,000 kabla hajanunua pazia, wala kulipa gari la kubeba vyombo. Mtu huyu mshahara wake hautoshi kwa mkupuo huo. Afanye nini? Huenda kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye humshikia kadi ya benki, naye humtoza riba kwa mwezi na si kwa mwaka. Miezi sita ikiisha deni la kwanza halijaisha, na mwenye nyumba yuko tena mlangoni. Hivyo mtu aliyeweza kulipa 150,000 kila mwezi bila ya deni hujikuta analipa kodi, na riba ya kodi, na mwisho riba ya riba. Si bei ya nyumba iliyomwangusha, bali ni namna ya kulipa.

Tena mkupuo huo ndio umtenganishao mtu na jamaa yake. Wako wenzetu wengi ambao mke au mume amebaki Dar es Salaam kwa kazi yake, na watoto wamebaki shuleni huko, kwa kuwa kuhama wote kwahitaji nyumba kubwa na mkupuo mkubwa. Basi wanalipa kodi mbili katika miji miwili, na mwishoni mwa juma husafiri. Tangu gari moshi la umeme lilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa fupi, nasi tumesikia mwenzetu mmoja akisema kwa mzaha kwamba nyumba yake ya kweli ni behewa. Watu walicheka. Lakini mtoto amwonaye baba yake kwa saa thelathini katika juma hacheki.

Ilikuwapo dawa ya zamani. Serikali ilikuwa na nyumba za watumishi katika miji yote, na mtu akihamishwa aliacha ufunguo huku akapokea ufunguo kule. Tangu mwaka 2002 nyumba nyingi katika hizo ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake. Waliozipata walifurahi, wala hatuwalaumu, maana nani akatae? Lakini nyumba iliyouzwa kwa mtumishi mmoja haiwezi tena kumpokea mtumishi ajaye nyuma yake, na uhamisho wa 2016 ulipokuja, ghala ya nyumba haikuwa na akiba ya kutosha. Hilo twalisema si kwa kulaumu watu bali kwa kuandika katika daftari lililotokea.

Leo ziko nyumba mpya. Wakala wa Majengo umejenga Nzuguni, Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu na Chamwino, na kampuni iliyoundwa kwa ajili ya makazi ya watumishi imejenga Njedengwa. Kazi hiyo ni njema na yastahili kuzidishwa. Walakini nyumba ya kuuzwa yahitaji mtu mwenye fedha ya mkupuo au mwenye kukopesheka, na hapo twarudi kwenye hesabu.

Tuseme mtu anakopa shilingi 50,000,000 kununua nyumba, kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 15. Kila mwezi atalipa shilingi 658,000 hivi, na mpaka siku ya mwisho atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 158,000,000. Amenunua nyumba moja kwa bei ya nyumba tatu. Riba hiyo ikishuka mpaka asilimia 8, malipo ya mwezi yashuka mpaka 418,000 hivi, na jumla yake yapata 100,000,000. Nyumba ni ile ile, tofali ni zile zile, bati halikubadilika. Milioni 58 zimetoka katika riba peke yake. Kisha kumbukeni kanuni yetu, kwamba makato yasizidi theluthi mbili za mshahara wa msingi, hata theluthi moja imfikie mtumishi mkononi. Kanuni hiyo ni ya rehema na isiguswe. Lakini mesenja, mhudumu, dereva, muuguzi aliyeajiriwa jana na mwalimu wa shule ya msingi wakipimwa kwa kanuni hiyo, wengi wao hawawezi kubeba 658,000. Basi tukisema "nyumba za watumishi" tujiulize ni watumishi gani.

Ukikosa nyumba ya kununua, wabaki na kiwanja. Hapa Dodoma ilikuwa na bahati kuliko miji mingine, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 ilikuwa na ramani, na barabara zilichorwa kabla ya nyumba. Mtu aliyezoea vichochoro vya Manzese huko Dar es Salaam akifika Area C au Kisasa huona kama amefika nchi nyingine. Lakini ramani nayo ilikuwa na taabu zake. Mamlaka ya Ustawishaji ndiyo iliyoshika ardhi yote, wananchi walilalamika miaka mingi juu ya viwanja na fidia, na Mei 2017 Rais aliivunja na kazi zake zikapelekwa kwa halmashauri ya mji. Upimaji uliendelea kwa kasi. Hata hivyo bei ya kiwanja kilichopimwa ilikimbia kuliko miguu ya mtumishi wa daraja la chini.

Sababu moja ya mbio hizo twaijua sote, nayo ni mchezo wa kununua kiwanja na kukiacha. Masharti ya hati kwa kawaida hutaka kiwanja kijengwe ndani ya miezi 36. Piteni Iyumbu au Mkonze mkaone majani. Wako walionunua viwanja vinne na vitano, hawana haja ya kujenga, wanangoja lami ifike wapate kuuza kwa bei mara tatu. Wako hata miongoni mwa watumishi wenye vyeo. Wakati huo huo barabara, nguzo za umeme na mabomba hupita mbele ya viwanja hivyo vitupu kwenda kumtafuta mtu aliyejenga mbali zaidi, na gharama ya urefu huo hulipwa na sote. Sharti la miezi 36 lingeshikwa sawasawa, kwa mkubwa na mdogo, viwanja vingi vingerudi sokoni bila ya kupima hata kimoja kipya. Twaiomba Kamati iliandike neno hili katika barua kwa wakubwa, kwa adabu, lakini bila ya kulifunika kwa maneno mengi.

Mtu asiyeweza bei ya kiwanja kilichopimwa huenda pembeni akanunua kipande cha shamba kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Twawaonya wenzetu wageni kwa mambo mawili. Nchi hii ni kavu, mvua yake ni milimita 570 hivi kwa mwaka, lakini huja kwa msimu mmoja, na ikija hushuka vilimani kwa ghadhabu. Kiwanja cha bei nafuu kilicho katika korongo ni cha bei nafuu kwa sababu hiyo, na mwuzaji hukuonyesha mwezi wa Agosti, vumbi likitimka. La pili ni maji ya kunywa. Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, na bomba halifiki kila mtaa. Familia inunuayo maji kwa madumu hulipa kodi ya pili pasipo kujua. Kadhalika nauli: akaaye mbali upande wa magharibi na afanyaye kazi Mtumba hupanda magari mawili asubuhi na mawili jioni. Chumba cha 60,000 kwa nauli ya 70,000 ni chumba cha 130,000.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mashamba hayo, nalo twalisema kwa unyenyekevu, maana sisi ni wageni. Mashamba ni ya Wagogo. Wao walijenga tembe zao kwa miti na udongo wa nchi yao, paa la udongo bapa, majirani wakisaidiana, wala hawakumkopa mtu shilingi. Leo mzee huuza ekari zake kwa fedha zilizoonekana nyingi siku ile, na baada ya miaka mitano mwanawe anapanga chumba mjini juu ya ardhi iliyokuwa ya babu yake. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku yetu ya tatu imekwisha kupita zamani. Mtumishi anunuaye kwa bei ya kumpunja mwenye nchi hajatatua shida ya nyumba. Ameihamisha tu kutoka mlango wake kwenda mlango wa mwenzake.

Sasa tuje kwenye lililo mikononi mwetu. Chama cha watumishi Waafrika wa nchi hii cha kwanza kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza ni Bwana Martin Kayamba. Watu wale hawakuwa na fedha nyingi, lakini walijua kwamba jambo ambalo karani mmoja hulinung'unikia, makarani arobaini huweza kulifanyia kazi. Basi tuchukue arobaini hao hao.

Tuseme wanachama 40 wanaweka shilingi 50,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza ziko 2,000,000. Wanachama wawili ambao kodi zao zimefika wanakopeshwa 900,000 kila mmoja, bila ya riba, nao wanarudisha 150,000 kila mwezi kwa miezi sita kuanzia mwezi ufuatao. Mwezi wa pili wanakopeshwa wawili, wa tatu watatu, wa nne wanne, wa tano wanne, wa sita wanne, na wa saba sita, kwa kuwa sasa marejesho yamekuwa mengi kuliko michango. Tumeiandika hesabu hii mwezi kwa mwezi na kuirudia mara tatu: kufika mwezi wa kumi wote 40 wamekwisha kufikiwa, na mfuko haukuomba hata senti kwa mtu wa nje. Mtumishi anamlipa mwenye nyumba kwa nusu mwaka kama apendavyo mwenye nyumba, na yeye mwenyewe analipa kwa mwezi kama ulivyo mshahara wake. Mkopeshaji wa mtaani hana nafasi katikati.

Mtu atauliza, je, akihamishwa, au akifa, au akikataa kurudisha? Swali hilo ndilo lililoua mifuko mingi iliyotangulia, na halijibiwi kwa kuaminiana. Lazima mfuko uandikishwe kama chama cha ushirika cha akiba na mikopo chini ya sheria ya 2013, marejesho yakatwe katika mshahara kwa idhini ya mkopaji mwenyewe, kila mkopo uwe na wadhamini wawili, na vitabu vikaguliwe na mtu asiye wa Kamati. Nasi twashauri kwamba kwa mwaka wa kwanza wenye mishahara ya chini watangulizwe, na wenye vyeo wangoje. Hapa twaona nyuso mbili tatu zimebadilika. Lakini mtu mwenye mshahara mkubwa aweza kwenda benki akasikilizwa. Mhudumu akienda huulizwa amemfuata nani.

Michango ile, marejesho yakiisha kurudi, ni shilingi 24,000,000 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili au mitatu Chama chaweza kununua shamba kwa jina lake, kwa bei ya haki, baada ya kuuliza kwanza kwa Halmashauri ya Jiji kama pale pameandikwa makazi katika ramani na si eneo la wazi. Shamba lipimwe lote kwa mara moja, barabara zitolewe, kisha viwanja vigawiwe. Viwanja na viwe vidogo. Wengi wetu tunaota kiwanja cha mita elfu, chenye ukuta na lango la gari ambalo hatujalinunua. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma imelea watoto wa mijini kwa miaka mingi juu ya kiwanja kidogo. Mwenye nyumba akakaa vyumba viwili, na kodi ya vyumba vinne ikamalizia kujenga. Hatuoni aibu kujenga namna hiyo tena, ikiwa na choo cha ndani na tangi la kuvuna maji ya mvua.

Azimio tunalowaletea ni fupi. Mfuko wa kodi uanzishwe kwa wanachama watakaojiandikisha, usianze kabla ya kufika 40, na Kamati ilete rasimu ya masharti yake katika mkutano ujao. Daftari liko mezani kwa Mweka Hazina, karibu na birika la chai. Safu ya kwanza ni ya jina, ya pili ni ya mwezi ambao kodi yako itadaiwa, na hiyo ya pili tafadhali iandikeni kwa ukweli, maana ndiyo itakayotuonyesha ni nani wa kutangulizwa.